Skyrim kwa Miguu, Tanga 2014

Ukiipima nchi yote ya Skyrim, kuanzia misitu ya Falkreath kusini hadi kwenye barafu inayoelea kaskazini ya Winterhold, haifiki kilomita za mraba 40. Jiji la Tanga linaimeza mara kadhaa. Mtu mwenye baiskeli nzima, na Tanga ni mji wa baiskeli, angeikata nchi hiyo kutoka pembe hadi pembe akarudi kwao mchana uleule. Hata hivyo mwaka 2014, nilipokuwa nimemaliza kidato cha sita na kusubiri chuo, niliishi ndani ya nchi hiyo miezi mizima na nikaondoka sijaimaliza. Markarth, mji uliochongwa mwambani upande wa magharibi, hadi leo naujua kwa kusimuliwa tu. Tulitaka iwe hivyo, mimi na kaka yangu, na tuliandika sheria ili iwe hivyo.

Kaka huyo ni mtoto wa mama mkubwa. Alikuwa fundi kompyuta, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana yake, huko Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba kutoka ya kwanza hadi ya ishirini na moja. Mezani palikuwa na mashine za watu zilizofunguliwa, brashi ya kupangusia vumbi, waya wa risasi na pasi ya kuchomelea, na feni iliyovuliwa kava la mbele ili upepo utoke vizuri. Kompyuta yake mwenyewe aliiunda kwa vipuri alivyonunua kimoja kimoja. Gemu lenyewe lilishuka usiku kadhaa kwenye intaneti ya ofisi ya mteja aliyemruhusu, maana kwa bando la simu tungesubiri mwaka. Nyumba yetu ilikuwa ya pili kutoka hapo. Nikishamaliza kufagia, kuosha vyombo na kuweka maharage jikoni, nilikuwa navuka ua naingia karakanani, kaka akiwa ameinamia kazi za watu, mimi nakalia stuli mbele ya monita.

Kwa asiyelijua: The Elder Scrolls V: Skyrim lilitoka tarehe 11 Novemba 2011, kazi ya Bethesda Game Studios ya Marekani, chini ya uongozi wa Todd Howard. Unaanza ukiwa mfungwa kwenye gari la farasi, mikono imefungwa, unapelekwa kukatwa kichwa katika mji wa Helgen. Kabla shoka halijashuka, joka linatua juu ya mnara na kuuteketeza mji, nawe unaponea hapo. Ukishatoka pangoni upande wa pili, hakuna anayekuamuru uende wapi. Mbele yako kuna bonde, mto, milima ya theluji na njia inayoteremka kwenda kijiji cha Riverwood.

Ni gemu karimu mno. Ukipigana na jitu, rungu lake likiwa tayari limeinuliwa juu ya kichwa chako, unaweza kufungua mkoba, muda ukasimama, ukala magurudumu kumi ya jibini ukapona, kisha ukaendelea na ugomvi. Unaweza kuogelea uchi katikati ya vipande vya barafu, usitetemeke. Unaweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi, kiongozi wa mashujaa wa Whiterun, bosi wa wezi wa Riften na msikilizaji wa wauaji wa siri, vyote hivyo mtu mmoja, na hakuna atakayekuuliza unapata wapi muda. Na kubwa kuliko yote, mahali popote ulipowahi kufika unabonyeza kwenye ramani na uko hapo. Nimewaona vijana wakilicheza hivyo wakalimaliza, na ukiwauliza Skyrim kukoje, wanakutajia panga walizopata.

Kaka alikuwa amewahi kucheza Morrowind ya mwaka 2002, sehemu ya tatu ya mfululizo huohuo. Humo hakuna kubonyeza ramani. Ukitaka kwenda mbali unapanda mdudu mkubwa kuliko nyumba aitwaye silt strider, au unapanda mashua, au unamlipa mchawi wa chama chao akutume mji mwingine, na vyote hivyo vina vituo na nauli. Pasipo na kituo unatembea. Ukimuuliza mtu njia, anakuelekeza kama watu wanavyoelekezana: fuata mto, ukivuka daraja kata kushoto, angalia mwamba uliosimama. Oblivion ya mwaka 2006 ndiyo iliyorudisha kuruka kwa ramani, kulikokuwapo katika sehemu mbili za mwanzo, na Skyrim ikarithi. Kaka alilisema hilo kwa uchungu, pasi ya kuchomelea ikiwa mkononi. "Mdogo wangu," aliniambia, "ukiondoa njia, umebakiza nini? Milango tu."

Siku hiyohiyo akatoa kaunta buku jipya, lile la kuandikia wateja, akaandika ukurasa wa kwanza: Ramani ni ya kutazama, si ya kubonyeza.

Zilikuwapo njia nyingine za kupata tulichokitaka. Wachezaji wa nje walikuwa wameshatengeneza modi za bure zinazoleta njaa, usingizi na baridi kali. Ile ya baridi, Frostfall, kaka aliisoma yote mtandaoni kwenye simu yake. Lakini kila modi ilihitaji modi nyingine, na kila moja ilihitaji bando. Daftari halikuhitaji kitu. Na kadiri siku zilivyokwenda niliona daftari lina ubora wake: sheria ya kwenye modi inakulazimisha, ya kwenye daftari unaitii mwenyewe. Kila mara mkono unaposogea kuelekea ramani na ukaurudisha, umechagua tena kuwa ndani ya ile nchi.

Mhusika wangu alikuwa mwanamke wa Redguard, watu weusi wa Hammerfell, nchi ya jangwa upande wa kusini-magharibi. Nilimchagua kwa makusudi. Nilitaka mtu wa joto katika nchi ya baridi, mtu asiyeijua theluji kama mimi nisivyoijua.

Safari yake ya kwanza kutoka Riverwood kwenda Whiterun bado ninayo kichwani kwa vipande vyake vyote. Kaka aliingia kwenye faili za mipangilio akaizima dira inayokaa juu ya skrini, ile inayokuonyesha kila pango kabla hujaliona. Nikabaki na macho na vibao vya njiapanda. Niliondoka asubuhi, nikampita Alvor mhunzi akigonga chuma kibarazani, nikavuka daraja. Ng'ambo ya daraja kuna kibao cha mbao chenye majina ya miji. Nilisimama nikakisoma kama abiria mgeni stendi. Njia inateremka sambamba na mto, na mto unatangulia kwa kuporomoka, maji meupe yanaruka juu ya mawe. Mbwamwitu walitoka upande wa kulia. Kisha mlima ukaisha ghafla na uwanda ukafunguka, nyasi za rangi ya dhahabu, na mbali juu ya kilima jumba la Dragonsreach limekaa peke yake juu ya mji. Sikuwa nimeambiwa na mshale wowote kwamba ule ndio Whiterun. Niliujua kwa sababu nilikuwa nautafuta. Nilipokaribia mashamba ya kabichi chini ya mji, watu watatu walikuwa wanapigana na jitu shambani, na mimi nikasimama barabarani na upinde wangu, sijui niingilie au nipite.

Kwa saa ya ukutani, safari hiyo ni dakika chache. Lakini saa ya Skyrim inakwenda mara 20 ya yetu: dakika moja ya Tanga ni dakika 20 za huko, na siku nzima ya huko inaisha kwa dakika 72. Kwa hiyo mwanamke wangu aliondoka asubuhi na kufika jua likiwa limepanda, na mimi niliufungua ule mlango mzito wa mji nikiwa na uchovu wa kweli mabegani, uchovu wa kukodoa macho.

Gari la farasi tuliliruhusu. Yule dereva anayekaa nje ya zizi la Whiterun anadai sarafu 20 kukupeleka mji mkubwa mwingine, unapanda nyuma, anaanza kukupigia soga za mji unaokwenda, kisha skrini inakuwa nyeusi. Tulijadiliana sana kama hilo si kuruka kwa jina lingine. Kaka akaamua kwamba kitu ambacho kipo ndani ya nchi, kina mwenyewe, kina nauli na kina kituo, si kuruka, ni usafiri. Nilikubaliana naye na bado nakubaliana. Kipimo hicho tukakitumia kwa mengi yaliyofuata.

Chakula kilikuja cha pili. Milo mitatu kwa siku ya huko, maana yake kila baada ya dakika 24 hivi za kwetu, na hakuna kula mapambano yakiwa yanaendelea. Hapo ndipo nilipoigundua chumvi. Ukitaka kupika kwenye vyungu vya Skyrim, karibu kila kitu kinadai chumvi: samoni wa kukaanga, mchuzi wa kabichi na viazi, nyama ya paa na liki. Mchezaji wa kawaida anaipita chumvi dukani bila kuiona kwa sababu haiongezi nguvu ya upanga. Mimi niliitafuta kwa kila muuzaji. Nilijua gesti ipi ina chungu jikoni na ipi haina. Nilijua kabichi za nani ziko nje ya uzio, na kwamba kuzichukua ni wizi hata kama mwenyewe hayupo, na mkulima wa pale chini ya Whiterun atakununulia ukimvunia. Nchi iliyokuwa mandhari ikawa na bei.

Pesa nilizipata kwa kuni. Pembeni ya kinu cha mbao cha Riverwood kuna kigogo cha kupasulia. Ukiwa na shoka unapasua, na Hod na mkewe Gerdur wananunua sarafu 5 kila kipande. Chumba cha kulala katika gesti ni sarafu 10. Vipande viwili, usiku mmoja. Gari la farasi, vipande vinne. Nilipozoea hesabu hiyo, kila bei ya nchi ile niliisoma kwa kuni.

Baridi ndiyo sheria niliyoipigania mimi mwenyewe, maana kaka alizaliwa na kukulia Ngamiani na baridi aliyoijua ni ya kiyoyozi cha benki. Baba yangu ni Msambaa. Shangazi yuko Lushoto, na kila likizo ya mwezi wa sita nilipelekwa kwake. Basi linaacha njia kuu pale Mombo, jasho linakutiririka, linaanza kupinda na mlima. Ukifika Soni, maporomoko yakiwa chini yako, watu wanafunga madirisha bila kuambiana. Ukishuka Lushoto jioni, mtu wa pwani anatetemeka hadi meno. Shangazi alikuwa akinitazama kwa huruma na kunitupia sweta lake kabla hata ya salamu kuisha. Mvua ikikunyeshea kule huendi kucheza. Unakaa jikoni karibu na moto mpaka nguo zikauke mwilini, na ukikaidi unaumwa. Nilimweleza kaka hayo, naye akaandika nilivyomwambia. Hakuna kupanda palipo na theluji bila manyoya na kofia. Aliyelowa akae motoni saa nzima ya huko kabla ya kuendelea. Maji ya kaskazini hayaogelewi.

Gemu lenyewe halikujali. Ungeweza kulala kwenye theluji likakuacha. Ila mara tu sheria ile ilipoandikwa, moto wa kambi za wawindaji, ambao watengenezaji waliupanga kila kona ya nchi, ukapata kazi. Nilianza kuzikumbuka kambi kwa mahali zilipo. Nilianza kutazama mawingu. Kwenye njia ya kaskazini kwenda Dawnstar dhoruba ilishuka mpaka sioni hatua tatu mbele, na nikageuka nikarudi. Mchezaji wa gemu hageuki kwa sababu ya hali ya hewa, lakini msafiri anageuka. Ngamiani ilikuwa saa nane mchana, mabati yanalia kwa joto, shati la kaka limegandamana na mgongo, na mimi natafuta mahali pa kuwasha moto.

Sheria iliyobadilisha kila kitu ilitoka kwa mama.

Aliingia karakanani kuniita nikapokee maji. "Shikamoo mama mdogo," kaka akamwamkia bila kuinua kichwa. "Marahaba baba," akasimama nyuma yangu. Mwanamke wangu alikuwa ndani ya kaburi la kale, mwenge mkononi. Skyrim imejaa makaburi hayo: mahandaki marefu chini ya vilima, rafu za mawe kuta zote mbili, juu yake maiti waliokauka wamelazwa na silaha zao, na vyungu vya mazishi vyenye sarafu. Wengine wanaamka wakupige. Wengi wamelala tu. Nilikuwa nafungua chungu.

"Hapo ni wapi?"

"Makaburini, mama. Ya watu wa kale."

"Na hizo unazochukua?"

"Hela."

"Za nani?"

Nikamwonyesha waliolala. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ungekuwa Tongoni ungefanya hivyo?"

Tongoni ni kijiji kusini ya mji wetu, kwenye barabara ya Pangani. Pana magofu ya msikiti wa zamani na makaburi zaidi ya 40, mengine yana nguzo za mawe zilizosimama juu yake, nyingi zimeshaanguka. Ukisogea karibu na nguzo unaona mashimo ya duara. Humo palibandikwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina, na mabakuli yakang'olewa. Mashimo ndiyo yaliyobaki. Watu bado wanakwenda Tongoni kuomba dua na kuacha sadaka, na mama alikuwa mmoja wao; alinipeleka nikiwa mdogo, akanishika mkono nisipande juu ya ukuta wowote.

"Huyo mwanamke wako," mama akasema akiondoka, "inaonekana hana kwao."

Kaka aliweka chini bisibisi. Akavuta daftari akaandika: Makaburi hayaguswi. Hakuniuliza, wala sikubisha.

Kwa mchezaji wa Skyrim sheria hiyo ni nzito kuliko njaa na baridi kwa pamoja, kwa sababu utajiri wa gemu lile umezikwa. Silaha nzuri, dhahabu, hata yale maneno ya uchawi yanayochongwa ukutani, sehemu kubwa yako chini pamoja na wafu. Tulipoiandika hatukujua itafika wapi. Mwanamke wangu alikuwa ameshakwenda Whiterun kumweleza Jarl Balgruuf kwamba joka limeiangamiza Helgen na Riverwood haina ulinzi, na Jarl akaamuru askari wapelekwe. Hilo lilikuwa jukumu, na mtu mwema angelifanya. Kisha Jarl humpeleka mchezaji kwa mchawi wake, Farengar, naye Farengar anataka jiwe la kale lililomo ndani ya Bleak Falls Barrow. Hilo ni kaburi. Lile lililo juu ya Riverwood, matao yake unayaona kutoka kijijini.

Basi akakataa. Yaani mimi niliondoka mbele ya Farengar, nikashuka ngazi za Dragonsreach, nikarudi kwenye kuni zangu. Na gemu limejengwa hivi: majoka hayaanzi kuruka nchini mpaka ufuate hadithi hiyo, ulete jiwe, kisha uue joka la kwanza pale kwenye mnara nje ya Whiterun. Usipofuata, hayaji. Kwa hiyo niliishi katika Skyrim ambayo joka lilionekana mara moja tu, Helgen, na baada ya hapo anga likawa tupu. Watu gestini waliendelea kulizungumza. Mimi nilikuwa shahidi, na kila nilipotoka mlangoni nilitazama juu. Sijui mwandishi gani angeweza kuniandikia hofu hiyo. Ilitoka kwenye sheria ya mama na ukimya wa gemu lenyewe. Wachezaji wengine wanaua majoka mpaka wanachoka nayo. Mimi joka moja lilinitosha miezi yote ile.

Kuhusu kufa tulikuwa na ugomvi wa kweli. Kaka alitaka akifa amekufa, tuanze upya kwenye lile gari la wafungwa, kama ilivyo katika Rogue ya mwaka 1980 na magemu yaliyozaliwa nayo. Mimi nilikuwa nimeshampenda mwanamke yule. Mwafaka tulioufikia ni mzuri kuliko alichotaka kila mmoja wetu: kusevu ni kitandani tu, wakati wa kulala. Akifa, anaamka kitanda kile alicholala mara ya mwisho, na yaliyompata yanahesabiwa kuwa ndoto ya kuonya. Mahali pale harudi mpaka awe na mwenzake. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha na hakuna wa kwenda kununua, hiyo nayo ni ndoto, lakini isiyo na onyo. Tanga ya siku zile ilimwotesha ndoto nyingi.

Zipo sheria tulizoziandika tukazifuta. Ya kutembea polepole kila mahali, ukiwa umebonyeza Caps Lock mhusika asikimbie, ilibaki ya mijini tu, kwa sababu porini mtu anakimbia. Ya maji ya kunywa ilidumu kidogo: Skyrim haina kunywa maji, kwa hiyo tulikuwa tunaweka alama daftarini kila nikisimama mtoni, ikageuka kazi ya karani. Ya kupima kila kitu mkobani kwa akili zetu badala ya kipimo cha gemu, ambacho kinakuruhusu uzito wa 300 na kuhesabu mishale na sarafu kuwa si kitu, ilituchosha, tukabakiza upanga mmoja, upinde mmoja, na nguo alizovaa. Nilijifunza kutambua sheria mbaya mapema. Ikinifanya nitazame daftari kuliko mlima, ilikuwa ya kufuta.

Kilele cha miezi ile, kwangu, ni ngazi za High Hrothgar. Kuna mlima katikati ya nchi, mrefu kuliko yote, na juu yake nyumba ya watawa wazee. Ngazi zake zinaitwa elfu saba. Ukizihesabu hazifiki elfu. Chini yake kiko kijiji cha Ivarstead, na pale daraja lilipo kuna mtu aitwaye Klimmek anayewapandishia watawa mahitaji yao. Miguu inaanza kumzidi, na unaweza kumbebea mfuko. Hiyo ilikuwa kazi ya kufaa kwa mwanamke wangu: mzigo wa watu, kwa miguu, bila kufukua kitu.

Jaribio la kwanza aliishia kwa dubwana jeupe la barafu linalokaa juu ya njia, na kwa mujibu wa sheria ilikuwa ndoto ya kuonya. Ilibidi apate mwenzake. Katika baa ya Drunken Huntsman, Whiterun, kuna mpiganaji wa kukodi aitwaye Jenassa, na bei yake ni sarafu 500. Vipande 100 vya kuni. Kaka alipiga hesabu, akanitazama, akarudi kwenye kazi yake. Nilipasua kuni. Niliwinda paa nikauza ngozi. Nililala vitanda vya bei rahisi, nikala kabichi. Mchezaji mwenye ruhusa ya makaburi angezipata zile sarafu katika handaki moja, na ndiyo sababu asingekumbuka leo siku alipozikabidhi.

Tulipanda wawili kwa barabara ya mashariki, tukapita kwa uangalifu karibu na Valtheim Towers wanakotoza ushuru majambazi, tukazunguka mlima kusini, tukalala Ivarstead. Asubuhi tulivaa manyoya. Njiani kuna mawe kumi yenye maandishi ya mahujaji, unayasoma moja baada ya jingine kadiri unavyopanda. Mbele ya mojawapo mwanamke alikuwa ameketi akitafakari, tukampita kimya. Lile dubwana lilikuwa palepale. Jenassa alilikabili kwa panga mbili na mimi nikarusha mishale kutoka juu ya mwamba, na kaka, ambaye mteja wake alikuwa amesimama mlangoni na kompyuta mkononi, alimwomba yule mteja asubiri kidogo. Mteja akasubiri. Tukalishinda. Theluji ilikuwa inapiga kwa ubavu, na nilipoona ukuta wa ile nyumba ukitokea ndani ya ukungu niliinuka kwenye stuli. Nikauweka mfuko wa Klimmek kwenye sanduku la sadaka lililo nje.

Ukiwa umesoma mawe yote kumi, unapewa kitu ambacho wengi hawakijui kwa sababu wanafika juu kwa haraka: kwa siku nzima wanyama hawakushambulii wala hawakukimbii. Tulishuka katika hali hiyo. Mbwamwitu walisimama kando ya njia. Paa alibaki anakula majani, nami nikapita karibu naye kiasi cha kuona pumzi yake, upinde ukiwa mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nchi ile sikuhesabu ngozi yake ni sarafu ngapi.

Chuo kilifunguliwa nikaondoka Tanga. Kaka aliendelea na mhusika wake, mimi wangu nikamwacha kitandani Ivarstead, maana hapo ndipo aliposevu.

Mwezi wa Oktoba 2017 wenyewe Bethesda walitoa Survival Mode: njaa, uchovu, baridi, ramani isiyobonyezwa, na hupandi levo mpaka ulale kitandani. Niliisoma orodha nzima nikiwa na furaha ambayo ilikuwa vigumu kumweleza mtu yeyote aliyekuwa karibu nami. Karibu kila walichokiweka tulikuwa nacho. Nimeucheza, ni mzuri, na kwa mtu anayeanza ningemshauri aanzie hapo, kisha aongeze yake. Kinachokosekana ndani yake ni kile tu ambacho hakiwezi kuwekwa na mtu aliye mbali: kile kinachotoka kwa shangazi wa Lushoto na kwa mama anayekuja kukuita ukapokee maji.

Nilimpigia simu kaka siku hiyo. Nikamsomea moja baada ya nyingine, naye akawa anaitikia, ndiyo, hiyo tunayo, hiyo tunayo. Nilipomaliza akauliza, "Na makaburi?"

"Hayamo."

"Basi," akasema, "mama mdogo apelekewe taarifa."

Jioni ile nilimpigia mama nikamweleza. Alikumbuka kila kitu, hata rangi ya mwenge, na akaniuliza yule mwanamke sasa yuko wapi na anakula nini.